Kusoma Kilichofifia: Mwongozo wa Upigaji Picha wa Spektra kwa Vitu vya Urithi mjini Lubumbashi

Mwongozo huu umekusudiwa watunzaji wa makumbusho, wahifadhi wa nyaraka, walimu na wanafunzi wa historia na sanaa mjini Lubumbashi ambao wana mikononi mwao barua zilizofifia, picha za kuchorwa zilizobadilika rangi, misalaba ya shaba iliyovaa kutu ya kijani au vinyago vyenye nambari za orodha zisizosomeka tena, na ambao wangependa kujua ni kwa kiasi gani mwanga usioonekana kwa macho unaweza kuwasaidia kuvichunguza vitu hivyo bila kuvikwangua, kuvisafisha wala kuvikata. Msimamo wake ni mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: mbinu hii huanza na swali wala si na mashine, na thamani yake hutegemea zaidi nidhamu ya kuandaa kazi na kuweka kumbukumbu kuliko bei ya kamera.

Mbinu yenyewe ni nini

Mwanga husafiri kwa mawimbi, na kila rangi ina urefu wake wa wimbi, unaopimwa kwa nanomita, yaani sehemu moja ya bilioni ya mita. Jicho la binadamu huona takriban kuanzia nanomita 400, penye rangi ya zambarau, hadi nanomita 700, penye nyekundu. Chini ya 400 kuna miale ya urujuanimno, na juu ya 700 kuna miale ya infraredi, ambayo haionekani ingawa baadhi yake huhisiwa na ngozi kama joto. Mfululizo huo wote wa mawimbi, yanayoonekana na yasiyoonekana, ndio unaoitwa spektra.

Kila kitu kinachomulikwa hufyonza sehemu ya mwanga na kuakisi, yaani kurudisha, sehemu iliyobaki, na uwiano wa kufyonza na kuakisi hubadilika kutoka wimbi moja hadi jingine kufuatana na madini, mafuta, mimea au rangi iliyomo. Ndiyo maana aina mbili za wino ambazo machoni zote ni nyeusi zinaweza kuachana kabisa kwenye infraredi, moja ikabaki nyeusi kama ilivyokuwa na nyingine ikatoweka kana kwamba haikuwahi kuandikwa. Upigaji picha wa spektra ni kazi ya kupiga picha kadhaa za kitu kilekile, kila moja kwa kanda yake ya mawimbi, bila kusogeza kitu wala kamera, kisha kuzilinganisha picha hizo nukta kwa nukta. Kanda zikiwa chache, tuseme tano hadi ishirini, mbinu huitwa ya spektra nyingi. Zikifika mamia na kufuatana bila mapengo, huitwa ya spektra timilifu, nayo ni ndugu wa ile ambayo wanajiolojia huitumia kutoka kwenye ndege na setilaiti wanapotambua madini yaliyo juu ya ardhi. Kwa hiyo nadharia yake si ngeni katika mji uliojengwa kwa madini. Kilicho kigeni ni kuigeuza kamera kutoka mlimani na kuielekeza kwenye barua au kinyago.

Funzo kutoka Nyangwe

Mfano mashuhuri ulio karibu zaidi na Katanga unatoka Nyangwe, mji wa soko uliokuwa ukingoni mwa Lualaba katika eneo ambalo leo ni mkoa wa Maniema, kwenye mto uleule unaoanzia katika nyanda za juu za Katanga. Mwaka 1871 David Livingstone, mmisionari na mpelelezi kutoka Uskoti, alikuwa huko akiwa ameishiwa karatasi na wino. Alichukua magazeti ya zamani, likiwemo toleo la *The Standard* la London la tarehe 24 Novemba 1869, akaandika shajara yake juu ya habari zilizochapwa, kwa wino aliojitengenezea kutokana na rangi ya mimea iliyokuwa ikitumiwa kutia nguo rangi. Katika kurasa hizo alieleza mauaji ya tarehe 15 Julai 1871, siku ambayo watu wenye bunduki walio katika misafara ya wafanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa waliwashambulia watu waliokuwa sokoni, wengi wao wanawake, na mamia wakafa kwa risasi au kwa kuzama mtoni.

Wino ule ulififia hata kurasa nyingi zikawa hazisomeki, kwa hiyo kwa zaidi ya karne moja wasomaji waliijua habari hiyo kupitia nakala ambayo Livingstone mwenyewe aliiandika upya baadaye, na ambayo Horace Waller aliihariri na kuitoa mwaka 1874, mwaka mmoja baada ya kifo cha mwandishi. Mradi wa upigaji picha wa spektra ulioongozwa na Adrian Wisnicki ulizipiga picha kurasa za asili huko Uskoti, na mnamo Novemba 2011 picha pamoja na maandishi yaliyosomwa vikawekwa wazi kwa umma. Wahariri walionyesha kwamba maelezo ya awali, yaliyoandikwa tukio likiwa bado bichi, yanatofautiana mahali kadhaa na nakala iliyosafishwa, jambo ambalo limewafanya wanahistoria waulize upya mwenendo wa watu wa msafara wa Livingstone mwenyewe.

Siri ya mafanikio hayo ilikuwa tofauti ya vitu viwili. Wino wa kiwandani uliochapa gazeti ulikuwa na kaboni, yaani masizi, ambayo hufyonza mwanga wa karibu kila wimbi, pamoja na infraredi; rangi ya mimea hufyonza mawimbi mafupi lakini hupitisha infraredi. Picha ya infraredi kwa hiyo ilibaki na gazeti peke yake, ile ya mawimbi mafupi ikawa na gazeti pamoja na mwandiko, na kompyuta ilipozilinganisha hizo mbili iliweza kulififisha gazeti na kuukoleza mwandiko. Msomaji anapaswa kulishika funzo hili kabla ya mengine yote: mbinu hii haifufui kilichokwisha kuondoka, bali hutenganisha vitu vilivyobaki ambavyo jicho linaviona kama kimoja. Pale ambapo wino na karatasi zinafanana katika kila wimbi, au pale ambapo wino umekwisha kung'oka wote, hakuna taa wala programu itakayoleta maandishi.

Kuanza na swali

Kabla ya kuwasha taa yoyote, mtunzaji hana budi kuandika kwa sentensi moja kile anachotaka kukijua. Mjini Lubumbashi maswali ya namna hiyo si haba. Makumbusho ya Taifa, yaliyoanzishwa mwaka 1946, yana vitu vya akiolojia na sanaa za jamii za Katanga, na swali la kwanza huweza kuwa la kawaida kabisa, yaani nambari ya orodha iliyoandikwa zamani kwa wino juu ya mbao au chuma inasemaje. Kuhusu picha zilizochorwa na wasanii wa karakana ya Le Hangar, iliyoanzishwa na Pierre Romain-Desfossés mwaka huohuo wa 1946 na kuwatoa wachoraji kama Pilipili Mulongoy, Bela Sara na Mwenze Kibwanga, swali laweza kuwa kama mchoraji alitangulia kuchora kwa penseli chini ya rangi au alikwenda moja kwa moja. Kuhusu picha za historia za Tshibumba Kanda Matulu na wenzake wa miaka ya 1970, ambazo mara nyingi zilichorwa juu ya kitambaa cha magunia ya unga, inafaa kuuliza kama chapa ya kiwanda bado iko chini ya rangi, kwa sababu chapa hiyo huweza kusaidia kukisia wakati na mahali kitambaa kilipopatikana. Nyaraka nazo zina maswali yake: maandishi yaliyopigwa kwa mashine na kunakiliwa kwa wino dhaifu, kama ilivyokuwa kwa vijitabu vingi vya miaka ya 1960, mihuri iliyofutika, na majina yaliyokatwa kwa kalamu nyingine.

Swali likishajulikana, mbinu hujichagua yenyewe. Michoro ya penseli, wino wa kaboni na chapa zilizofunikwa hutafutwa kwa infraredi. Wino wa zamani uliotengenezwa kwa chumvi ya chuma na mimea yenye utomvu wa kukaza ngozi, ambao hugeuka kahawia na kufifia, hutafutwa kwa urujuanimno, kwa kuwa wino huo hufyonza miale hiyo wakati karatasi inayouzunguka inang'aa. Marekebisho ya karibuni, gundi, vanishi na madoa ya maji huonekana vizuri zaidi kwa mng'aro, yaani mwanga hafifu unaoonekana ambao baadhi ya vitu huutoa vinapopigwa na urujuanimno. Tofauti kati ya rangi mbili zinazofanana machoni hutafutwa kwa kuunganisha kanda kadhaa.

Vifaa vinavyotosha kuanzia

Maabara kubwa hutumia kamera maalumu za rangi moja na paneli za taa zenye mawimbi kumi na zaidi, lakini kazi ya maana inaweza kuanza kwa vifaa vya wastani. Kihisio cha silikoni kilichomo katika kamera ya kawaida kina uwezo wa kupokea mwanga kuanzia karibu nanomita 350 hadi 1,000 hivi. Kinachokifunga ni kioo ambacho watengenezaji hukiweka mbele yake ili kuzuia infraredi na urujuanimno zisiharibu rangi za picha za kila siku. Fundi mzoefu huweza kukitoa kioo hicho na kuweka badala yake kioo kinachopitisha mawimbi yote, na tangu hapo kamera hufanya kazi kwa vichujio vinavyowekwa mbele ya lenzi. Kichujio cha kwanza cha kununua ni kile kinachopitisha infraredi tu, kuanzia karibu nanomita 830. Cha pili ni kinachopitisha mwanga unaoonekana peke yake. Na cha tatu ni kinachozuia urujuanimno, ambacho hutumika pamoja na kile cha pili wakati wa kupiga mng'aro.

Taa zina hila zake. Taa za halojeni hutoa infraredi kwa wingi, lakini taa nyeupe za LED zinazouzwa kila duka la umeme karibu hazitoi infraredi kabisa, kwa hiyo anayezitumia kwa picha ya infraredi atapata giza na kudhani kamera imeharibika. Kwa urujuanimno inafaa taa ya LED ya nanomita 365 yenye kichujio chake chenyewe, kwa sababu tochi ndogo za bei nafuu, za aina inayotumika kukagulia noti bandia, mara nyingi hutoa wimbi la karibu nanomita 395 pamoja na mwanga mwingi wa zambarau unaoonekana, na zambarau hiyo huufunika mng'aro dhaifu uliokuwa ukitafutwa. Orodha hukamilishwa na stendi imara inayoielekeza kamera chini wima, rula, chati ya rangi za vipimo, vibao vya kijivu na cheupe ambavyo uakisi wake unajulikana, na kifaa cha kuhifadhi umeme, kwa kuwa umeme ukikatika katikati ya mfululizo wa picha, mfululizo wote huwa na kasoro.

Kuandaa chumba na kukilinda kitu

Chumba kinachofaa ni kile kinachoweza kutiwa giza kamili, chenye sakafu isiyotetemeka na kuta zisizo na rangi kali. Hewa ya Lubumbashi huhitaji kuzingatiwa, kwa sababu vumbi la kiangazi, kati ya Mei na Septemba, hutua juu ya karatasi na kung'aa kwenye urujuanimno kama nukta za taa, ilhali unyevu wa masika huikunja karatasi na kuitoa kwenye ulalo wake kati ya picha moja na nyingine. Vumbi huondolewa na mhifadhi kwa brashi laini, na kitu huachwa chumbani kwa saa kadhaa kabla ya kazi ili kizoee hali ya hewa ya hapo.

Mwanga nao huchosha vitu, na urujuanimno huchosha zaidi, hasa karatasi, nguo, manyoya na rangi za mimea. Kwa sababu hiyo makumbusho hupunguza mwanga wa maonyesho ya karatasi hadi karibu luksi 50. Taa huwashwa wakati wa kupiga tu, majaribio ya kupima mwanga hufanywa kwa karatasi isiyo na thamani, na taa za halojeni huwekwa mbali ili joto lake lisikaushe mbao wala kulainisha nta. Wafanyakazi wanatakiwa kuvaa miwani inayozuia urujuanimno na kufunika ngozi. Nguo zao ziwe za rangi nyeusi, kwani shati jeupe lililofuliwa kwa sabuni ya unga yenye king'arishi hung'aa kwa buluu gizani na kumulika kitu kinachopigwa picha.

Hatua za kupiga picha

Hatua ya kwanza ni kukilaza kitu, kukizungushia rula, chati na vibao vya vipimo, na kuifunga kamera isisogee tena hadi kazi ikamilike. Kamera hupangwa kwa mkono katika kila kitu, yaani mwanga, kasi na mizani ya rangi, na huandika faili ghafi, kwa sababu faili iliyobanwa hupoteza tofauti ndogondogo ambazo ndizo zinazotafutwa.

Hatua ya pili ni picha ya mwanga unaoonekana, ambayo huwa msingi wa kulinganishia nyingine zote. Taa mbili huwekwa pande mbili kwa pembe ya digrii 45 hivi, na usawa wake hukaguliwa kwa kupiga karatasi nyeupe tupu mahali palepale.

Hatua ya tatu ni infraredi. Kwa kuwa lenzi huikusanya infraredi mahali tofauti kidogo na mwanga unaoonekana, picha iliyokuwa kali huweza kutoka na ukungu. Lenzi hurekebishwa upya kwa kuangalia kioo cha kamera, na ikiwezekana tundu la lenzi hupunguzwa ili ukali uenee.

Hatua ya nne ni mng'aro wa urujuanimno, unaopigwa katika giza kamili, kwa vichujio vyake viwili, na kwa muda mrefu wa kufungua kamera, pengine sekunde kadhaa. Hatua ya tano, ambayo si lazima, ni picha ya urujuanimno ulioakisiwa, inayohitaji kichujio cha pekee na lenzi inayopitisha miale hiyo.

Hatua ya mwisho, inayosahaulika kuliko zote, ni kukiondoa kitu na kupiga karatasi nyeupe tupu kwa kila taa na kila kichujio kilichotumika, na kisha picha moja lenzi ikiwa imefunikwa. Karatasi nyeupe huonyesha mahali ambapo taa haikusambaa sawasawa, na picha ya giza huonyesha kelele za kamera yenyewe. Bila hizo mbili haiwezekani kusema kwamba sehemu fulani ni nyeusi kwa sababu ya rangi, au kwa sababu taa haikuifikia.

Kusoma picha: shaba, kobalti na nyeupe

Madini ya Katanga yenyewe yanafaa kuwa darasa la kwanza la kusoma picha hizi. Malakiti, jiwe la kijani linalochongwa na kuuzwa mjini, ni kaboneti ya shaba, na kutu ya kijani iliyo juu ya misalaba ya shaba na mapambo yaliyofukuliwa katika makaburi ya bonde la Upemba, kama yale ya Sanga kandokando ya ziwa Kisale, mara nyingi ina kampaundi hiyohiyo. Shaba iliyo katika hali hiyo hufyonza infraredi iliyo karibu, kwa hiyo kijani chake huwa cheusi katika picha ya infraredi, na tena hung'aa kidogo sana chini ya urujuanimno. Kijani kilichotengenezwa kwa kromi, ambacho machoni kinaweza kufanana nacho, huwa cheupe kwenye infraredi. Kobalti nayo hufanya kinyume cha shaba: rangi ya buluu ya kobalti, iliyogunduliwa na mwanakemia Thénard mwaka 1802, hufyonza mwanga wa manjano na nyekundu lakini huakisi infraredi kwa nguvu, ilhali buluu ya Prussia, iliyotangulia kwa karibu karne moja, hubaki nyeusi.

Tofauti hizo huonekana waziwazi zaidi katika picha ya rangi bandia, ambayo hutengenezwa kwa kuweka infraredi mahali pa nyekundu, nyekundu mahali pa kijani, na kijani mahali pa buluu. Katika picha ya namna hiyo buluu ya kobalti hugeuka nyekundu, buluu ya Prussia hubaki na giza lake, na kijani cha malakiti huelekea buluu. Mtunzaji anaweza kujitengenezea kipimo chake kwa kusaga kipande cha malakiti, kukipaka kwenye kadi pamoja na rangi za dukani zinazojulikana, na kuipiga kadi hiyo pamoja na kila kitu. Kadi moja ya namna hiyo, iliyotunzwa mbali na mwanga, hufaa kuliko majedwali mengi ya vitabuni.

Rangi nyeupe huzungumza kwenye urujuanimno. Nyeupe ya zinki mara nyingi hung'aa manjano yenye kijani, wakati nyeupe ya titani, iliyoingia sokoni kwa wingi baada ya mwaka 1920, hufyonza urujuanimno na kuonekana nyeusi. Karatasi za kisasa zilizotiwa king'arishi, ambazo zilienea kuanzia miaka ya 1950, hung'aa buluu kali, kwa hiyo barua inayodaiwa kuwa ya mwaka 1910 na ambayo karatasi yake inang'aa hivyo ina maswali ya kujibu. Mbao kwa kawaida huwa na mwanga zaidi kwenye infraredi, na nambari iliyoandikwa kwa wino wa kaboni juu ya kinyago cheusi huweza kujitokeza vizuri. Lakini kinyago kilicholowa moshi na masizi kitabaki cheusi, kwa kuwa masizi ni kaboni vilevile.

Pamoja na hayo yote, picha hutoa dalili, haitoi hukumu. Vitu viwili tofauti vinaweza kuwa na mwonekano mmoja katika kanda zote zilizopigwa, na vanishi ya zamani huweza kubadili kila kitu. Kwa hiyo jina la rangi huandikwa pamoja na neno "huenda" mpaka lithibitishwe kwa kipimo kingine, kama vile kifaa cha mkononi cha miale ya eksi kinachotambua elementi, ambacho wanajiolojia na maabara za migodi wanakifahamu. Ushirikiano wa makumbusho na idara za jiolojia na kemia za Chuo Kikuu cha Lubumbashi ni njia iliyo karibu kuliko kukipeleka kitu ng'ambo.

Kuchakata kwa kompyuta

Programu za bure kama ImageJ zinatosha kwa kazi nyingi, na makumbusho ya British Museum yalitoa mwaka 2013, katika mradi wa CHARISMA, kijitabu na zana za bure za kusahihisha picha za aina hii. Kazi ya kwanza ni kugawanya kila picha kwa picha ya karatasi nyeupe ili kusawazisha mwanga. Ya pili ni kuzilaza picha zote juu ya nyingine hadi kila nukta ikutane na mwenzake. Ya tatu ni kulinganisha. Ulinganisho rahisi kabisa ni kugawanya kanda moja kwa nyingine, kama ilivyoelezwa kuhusu gazeti la Nyangwe. Ulinganisho wa juu zaidi ni uchanganuzi wa vijenzi vikuu, ambao ni hesabu inayochukua kanda zote kwa pamoja na kuzipanga upya katika picha mpya, ya kwanza ikibeba kile ambacho kanda zote zinakubaliana, na zinazofuata zikibeba tofauti zinazozidi kuwa ndogo. Maandishi yaliyofifia mara nyingi hujificha katika picha ya tatu au ya nne, si katika ya kwanza.

Picha iliyochakatwa si ushahidi peke yake. Kila hatua iliyofanywa huandikwa, na picha ya mwisho huhifadhiwa pamoja na zile ghafi, ili msomaji mwingine aweze kurudia kazi hiyo na kufika palepale, au kupinga.

Hifadhi, ruhusa na kumbukumbu

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na methali hiyo inawahusu wapiga picha kama inavyowahusu wafanyabiashara. Ukurasa mmoja wa ukubwa wa A4, ukipigwa kwa nukta 300 kwa kila inchi, una nukta karibu milioni 8.7; kwa faili ya biti 16 hiyo ni kama megabaiti 17 kwa kanda moja, na kanda 12 hufika megabaiti 209. Jalada la kurasa 1,000 basi huhitaji gigabaiti zaidi ya 200 kabla ya nakala yoyote, na nakala zinazotakiwa ni tatu, katika vifaa vya aina mbili, moja ikiwa katika jengo jingine. Bajeti ya diski hupangwa kabla ya bajeti ya lenzi. Jina la faili hubeba nambari ya kitu, upande wake na kanda, kwa mfano "0457_mbele_IR830", na daftari la kazi huandika tarehe, taa, kichujio, muda wa kufungua kamera, umbali na jina la aliyepiga.

Ruhusa nayo ni sehemu ya kazi. Vipo vitu ambavyo havikutengenezwa ili vionwe na kila mtu; kibao cha lukasa cha Waluba, kilichopangwa shanga na kuchongwa ili kubeba kumbukumbu za wafalme na safari, kilikuwa kikisomwa na wanachama wa chama cha mbudye waliofundishwa kazi hiyo. Kupiga picha ya kitu cha namna hiyo kwa kanda kumi na mbili na kuitawanya bila kuzungumza na wenye kumbukumbu ni kukiondoa mara ya pili mikononi mwao. Mazungumzo hayo hufanywa kabla ya kupiga, na makubaliano huandikwa katika daftari lilelile. Familia zinazoleta barua na picha za wazee waliofanya kazi migodini na kwenye reli zina haki ya kupewa nakala, katika namna wanayoweza kuifungua kwa simu.

Msomaji anayetaka kuanza hahitaji kungoja maabara. Achague karatasi moja tu katika hifadhi yake, ile ambayo wino wake unazidi kufifia kila masika, aandike swali lake, aipige kwa mwanga wa kawaida na kwa infraredi, aandike daftari kikamilifu, na aweke nakala tatu. Kazi ndogo iliyoandikwa vizuri itaendelea kuwafaa watafiti wa miaka 50 ijayo, wenye zana bora kuliko za leo. Kazi kubwa isiyo na daftari haitamfaa hata aliyeifanya.